Miaka Yangu Katika Chumba cha Misumeno

Neema, uliponiomba nikuandikie mambo ya chumba kile kabla sijayasahau, nadhani ulitaka maelezo ya makabati na funguo. Hayo yako ofisini, kwa Kiingereza, nami kwa Kiingereza nimeandika ripoti za kutosha. Haya nakuandikia kwa Kiswahili, wewe na wenzako mnaoanza sasa. Nani alipandishwa cheo na nani aliachwa, sitagusa. Hata yalipokuwa yanatokea sikupenda kuyasikiliza.

Nilifika Johannesburg na mume, watoto wawili wadogo, na cheti cha uuguzi msaidizi kutoka Tanga ambacho hapa hakikumvutia mtu yeyote. Makumbusho yetu ya historia ya tiba yalikuwa yanatafuta mfagizi asiyeogopa damu. Nilipokwenda Marshalltown kwa usaili nikawaambia damu siiogopi, nimefanya kazi wodi ya upasuaji. Wakasema vizuri, ingawa ya kwao imekauka zaidi ya miaka mia moja.

Aliyenipokea alikuwa Ntate Moagi, yaani Mzee Moagi kwa lugha yao, mtunza vifaa, Mtswana mtu mzima aliyewahi kuwa msaidizi wa waganga jeshini. Kiingereza chake na changu vilikutana njiani. Aliniita "sisi", neno ambalo hapa maana yake ni dada, nami nikadhani anajihesabu pamoja nami. "Sisi, futa vumbi kule juu," anasema, nami namsubiri ainuke tukafute. Hainuki. Kwa muda nilimwona mvivu mwenye adabu nzuri.

Siku hiyo ya kwanza alinivika glavu za pamba, akafungua kabati, akanipa msumeno wa kukatia mifupa.

"Niambie unaona nini."

"Msumeno."

"Hata mtu aliyesimama mlangoni anaona msumeno. Wewe unaona nini?"

Nikautazama vizuri. Mpini ulikuwa wa mpingo, umechanjwachanjwa kote kwa mistari midogo inayokatana. Nikamwambia mistari ile ni ya kuzuia mkono usiteleze. Akatikisa kichwa kukubali.

"Na ndani ya mistari hiyo ndimo damu ya aliyekatwa asubuhi ilimobaki, ikamfuata aliyekatwa mchana. Waganga hawakujua. Waliufuta kwa kitambaa wakaona umetakata."

Kisha akanipa mwingine, wa chuma kitupu mpaka mpinini, hauna mti wala pembe. "Huu walikuwa wanauchemsha," akasema. "Kati ya ule na huu watu wengi sana walikufa, halafu watu wengi sana wakaacha kufa. Wageni wakija wanataka habari ya waliokufa. Wewe uwape zote mbili, sisi."

Safari hiyo nilielewa kwamba ni mimi peke yangu.

Alinifundisha kazi polepole kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kwenda. Chuma cha zamani hakisuguliwi mpaka king'ae. Kinafutwa, kinakaushwa, kinapakwa nta nyembamba, kinaachwa. Ngozi ya masanduku ya waganga ikizeeka huwa unga mwekundu, ukiishika kwa mkono mtupu unaondoka na sehemu yake. Velveti ya ndani hupigwa brashi ya manyoya laini kuelekea upande mmoja tu, kama unavyochana nywele za mtoto anayelala. Jasho la kidole linaacha alama kwenye chuma, na mwaka unaofuata alama hiyo ni kutu. Ntate Moagi aliweza kuangalia kutu akakwambia ni ya nani kati yetu. Mara nyingi ilikuwa ya mkurugenzi, aliyependa kuwashikisha wageni wake mashuhuri.

Mnajua chumba kilivyo, lakini zamani hakikuwa vile. Kilijaa misumeno na visu tu, na meza ya mbao katikati. Wageni waliingia wakicheka na kutoka kimya. Watu wazima walizimia, wengi wao wanaume wakubwa wa miili, na nikajifunza kusimama nyuma ya mnene kuliko wote. Tuliwaeleza vita vya Wazulu na Waingereza, jinsi risasi nene ya madini laini ilivyosaga mfupa mpaka mganga hakuwa na la kufanya ila kukata. Tukawaeleza vita vya Makaburu na Waingereza vilivyofuata, risasi ndogo ya kasi iliyopita mwilini na kutoka, na jinsi waganga walivyogundua kwamba wengine hupona zaidi wakiachwa bila kupasuliwa. Tukawaambia homa ya matumbo iliua askari kuliko risasi, na hapo ndipo wageni walianza kutazama saa. Maji machafu hayana kishindo.

Katika kesi ngumu za miaka ile nitakutajia mbili. Familia moja ilituletea sanduku zuri la mganga wa kijeshi, wakasema babu wa babu yao alikwenda nalo kwenye vita vya Wazulu. Walikuja wote, mpaka mtoto mchanga. Nilifungua nikaona mipini yote ni chuma kitupu, mtindo ulioenea baadaye. Nilimtazama Ntate Moagi, naye akatazama dari. Basi nikawaeleza mwenyewe kwamba sanduku ni la kweli na limefanya kazi, ila si katika vita vile. Bibi wa familia akafikiri kidogo, kisha akauliza kama maana yake babu yao alichemsha vyombo vyake. Nikasema ndiyo, bila shaka. "Basi ni afadhali hivyo," akasema, akatuachia sanduku.

Kesi ya pili ni chupa ya klorofomu, dawa ya usingizi ya zamani. Nilikuwa nafuta vumbi nikaona chupa ya rangi ya kahawia ina kitu kinachocheza ndani. Klorofomu iliyokaa miaka mingi inaweza kugeuka sumu. Tulitoka jengo zima tukasimama barabarani na wauza mahindi ya kuchoma, tukingoja watu wenye barakoa waje waichukue. Yalikuwa maji. Kuna aliyeijaza zamani ili ipendeze kwenye picha.

Ntate Moagi alipostaafu na kurudi kwao karibu na Rustenburg, funguo zikabaki kwangu. Nilikuwa na jambo moja moyoni kwa muda mrefu. Kwenye picha za vita zilizo ukutani, daktari ameandikwa jina, na kuna picha ambayo hata farasi ameandikwa jina. Waliobeba machela hawana majina, na wengi ni Waafrika. Nikaomba tutengeneze machela ya kuigiza, watoto wa shule wabebane, waone mikono inavyouma kabla hata mgonjwa hajafika kwa daktari. Wakakubali. Mbao tulipata. Turubai likahitaji fundi.

Ndivyo nilivyofika kwa Bahati. Mnamjua nyote, lakini hamjui alivyoanza.

Alikuwa na kibanda cha cherehani Malvern, kwenye Jules Street, kati ya saluni ya Wakongo wenzake na duka la simu. Alishona mabegi, viti vya magari, maturubai ya wauza mitumba. Mtu wa Kivu, wa umri wa mwanangu mkubwa, mcheshi, mikono myepesi, na Kiswahili cha kwao, ambacho "kwa nini" husema "juu ya nini". Tulizungumza juu ya turubai, tukaelewana, akasema atakuja mwenyewe kupima kwenye mbao, maana hamwamini mtu na vipimo vya simu. Aliposimama kunisindikiza ndipo nikaona magongo. Mguu wa kushoto ulikuwa umeishia chini ya goti.

Alikuja na turubai begani. Nilimtangulia kwenda chumbani, nikiongea, mpaka nikagundua naongea peke yangu. Alikuwa amesimama mlangoni. Kutoka pale unaiona meza, na juu ya meza kabati la kioo lenye misumeno.

"Mama Zuhura," akasema, "miye sitaingia mule."

Sikumuuliza. Nilizitoa mbao, tukaifanya kazi kwenye ukumbi wa nje, sakafuni. Alishona pembe kwa mkono, sindano kubwa na uzi wa nta, na akiwa ameinamia kazi, bila kunitazama, akanisimulia.

Hakuwa askari. Alikuwa anajifunza ushonaji kwa mjomba wake, vita vikaja kijijini, risasi ikampata alipokuwa anakimbia. Majirani wanne wakafunga mablanketi kwenye miti wakambeba msituni na milimani mpaka kwenye kituo cha afya. Mguu ulikuwa umeshaoza. Dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha, au ilikuwa imeporwa, yeye hajui.

"Wanaume ine walinishika," akasema. "Mmoja ni mjomba yangu. Alilia kuliko miye."

"Pole, baba."

"Aksanti. Nilipona, si unaona. Lakini ile mufupa ilibaki ndefu."

Akakunja suruali akanionyesha. Nimeona vigutu vingi wodini, na vingine vingi zaidi kwenye michoro ya makumbusho. Aliyemkata alikuwa na haraka, akakata duara moja kama unavyokata mkate. Nyama ikajivuta juu, mfupa ukabaki umesukuma ngozi. Ngozi ilikuwa nyembamba, inang'aa, ina kidonda kilichokuwa kinafunga na kufunguka. Mguu wa bandia aliwahi kupewa, akauvaa, ukamchubua, akauweka chini ya kitanda. Hospitalini Johannesburg walikuwa wamemweleza vizuri kabisa: wafupishe mfupa kidogo, waufunike kwa nyama, kisha ataweza kuvaa mguu. Alitoka hapo akapanda teksi na hakurudi tena. Hiyo ilikuwa miaka mingi iliyopita, na kidonda kilikuwa kinazidi kukua. Nilikitazama na sikukipenda hata kidogo. Kidonda cha namna hiyo kikifika mfupani, safari inayofuata hawakati chini ya goti.

Nilimwambia hivyo hivyo. Akakata uzi kwa meno.

"Hakuna mutu atanikata tena, mama. Niko sawa."

Jioni nilimpigia simu Ntate Moagi. Nilimweleza yote, nikamwambia nafikiria kumwingiza yule kijana chumbani nimwonyeshe kwa michoro jinsi waganga walivyojifunza kuacha nyama ya kufunika mfupa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Msumeno anaujua kuliko wewe," akasema. "Mpelekee kitu asichokijua. Mpelekee barakoa ya usingizi."

Bahati aliporudi kumalizia mshono, nilitoka chumbani na ile barakoa ya klorofomu tuliyoiga kwa ajili ya watoto. Ni waya uliokunjwa kama kikombe kidogo cha kufunika pua na mdomo, na juu yake kitambaa. Nikamwekea mkononi.

"Hii ni ya kazi gani?" akauliza. "Kichujio cha chai?"

Nikamweleza. Mganga anakiweka usoni pa majeruhi, msaidizi anadondosha dawa kwenye kitambaa, tone baada ya tone, majeruhi anahesabu namba, hamalizi. Wanakata, wanafunga, anaamka imeshakwisha.

"Wakati gani huo?"

"Vita vya hapa. Zamani za babu za babu zako."

"Na si mfalme peke yake? Hata askari wa chini?"

"Hata wa chini, dawa ikiwepo."

Akakigeuza kile kikombe cha waya, akakitazama ndani na nje. Kisha akakiweka chini polepole.

"Kwa hiyo wale wa zamani walilala," akasema. "Miye sikulala. Juu ya nini miye sikulala?"

Nikakaa naye pale sakafuni. Alilia bila sauti, uso ameuelekeza ukutani, na mimi nikaendelea kushikilia pembe ya turubai kana kwamba bado linashonwa. Baadaye akafuta uso kwa kiganja, akamaliza mshono, akakunja vitu vyake, akaondoka.

Sikumwona kwa wiki kadhaa. Nilipita Jules Street nikakuta kibanda kimefungwa, yule dada wa saluni akasema ana homa. Nilijua homa hiyo inatoka wapi. Nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Kisha asubuhi moja nafungua makumbusho, namkuta ameketi kwenye ngazi, magongo mapajani, uso umekonda.

"Mama Zuhura. Ukienda na miye, nitaenda. Lakini niulize kwanza kitu moja. Kweli watanilaza?"

"Kweli."

"Na nikiamka katikati?"

"Tutamuuliza daktari. Usiniulize mimi, mimi ni mfuta vumbi."

Akacheka kidogo, na nilifurahi kumsikia.

Daktari Reddy, mpasuaji wa mifupa, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na alikuwa na foleni mpaka nje. Nilidhani atatuharakisha. Alipokiona kidonda akakunja midomo, akasema tumefika wakati bado kuna goti la kuokoa, ila tusisubiri tena. Kisha Bahati akaniambia nimtafsirie swali lake, na nikalitafsiri jinsi alivyolisema: mara ya kwanza walimshika akiwa macho, je, safari hii nani atakuwa anahakikisha kwamba amelala?

Daktari aliweka kalamu chini. Alitoka, akarudi na kijana mrefu aliyevaa kofia ya chumba cha upasuaji, akasema, "Huyu hapa. Kazi yake ni hiyo tu. Hakati, hashoni, hatazami mguu. Anakutazama wewe usoni, mwanzo mpaka mwisho."

Nikatafsiri. Bahati akamgeukia yule kijana. Akamuuliza jina lake. Kijana akamwambia ni Sipho, wakashikana mikono jinsi watu wa hapa wanavyoshikana, kiganja, kidole gumba, kiganja.

"Sharp," akasema Bahati, neno la hapa la kusema sawa.

Siku ya upasuaji walinivumilia nikaenda naye mpaka mlango wa mwisho. Alikuwa ameshika reli za kitanda kwa mikono yote miwili. Sipho akainama akamwambia ahesabu kwa lugha yake. Mlango ulipofungwa nilimsikia anaanza kuhesabu, na nikasimama pale mpaka sauti ikakatika.

Alipoamka alikuwa na kiu. Jambo la kwanza aliloniuliza ni wataanza lini.

"Wamemaliza, baba."

Hakuniamini. Ilibidi ajishike mwenyewe kwenye bendeji. Akarudisha kichwa kwenye mto, akafumba macho, na machozi yakashuka upande upande mpaka masikioni, lakini alikuwa anatabasamu.

Kupona kulichukua muda, na hapo cheti changu cha Tanga hatimaye kilipata kazi. Nilimfundisha kufunga bendeji ya kigutu. Ifunge kwa mtindo wa namba nane, Neema, si wa kuzungusha. Ikaze mwishoni na ulegeze kadiri unavyopanda, ili uvimbe urudi juu na kigutu kipate umbo la kuingia kwenye mguu. Ukikaza juu unakuwa umefunga shingo ya chupa, uvimbe unabaki chini. Akiwa fundi, alielewa mara moja. Baada ya siku chache alikuwa ananikosoa mimi. Mguu mpya ulipokuja akautazama ulivyoshonwa mikanda yake, akaifumua na kuishona upya.

Unajua jinsi alivyoanza kuja siku za watoto wa shule. Alikuja kwanza kuangalia turubai lake linavyovumilia, akabaki mlangoni, kisha siku nyingine akaingia tu, kama mtu anayeingia dukani, akaenda moja kwa moja kwenye kabati na kusema kioo kinataka kufutwa. Mtoto mmoja wa Diepsloot, msichana, alimwona mguu akamuuliza kwa Kizulu kama aliumia walipomkata. Walimu wakamkemea. Bahati akawanyamazisha walimu.

"Mara ya kwanza niliumia sana," akamjibu, kwa Kizulu chake kibovu. "Mara ya pili nilikuwa nimelala."

Msichana akafikiri. "Basi ya pili ni nzuri," akasema, akaenda kugombania zamu ya kubeba machela.

Kama unataka kujua namna ya kukiendesha chumba, sina zaidi ya hayo. Misumeno itajieleza yenyewe, watu wataitazama hata ukiifunika. Wewe wafikishe kwenye barakoa, kwenye chungu cha kuchemshia, kwenye kile kifurushi kidogo cha shashi ambacho askari wa vita vya Makaburu alikibeba ndani ya koti lake ili ajifunge mwenyewe kabla hajaokotwa. Kila kimoja kipo kwa sababu kuna mtu aliyechoka kuona watu wakifa kwa jambo moja lile lile. Na waulize wanadhani nani alibeba machela. Usiwape jibu haraka.

Juma lililofuata baada ya kustaafu nilikwenda Malvern kumuaga Bahati, maana nilikuwa nakwenda Tanga kukaa na dada yangu kwa muda. Alinipa begi alilonishonea, la turubai, mifuko mingi kuliko vitu nilivyonavyo. Akafunga kibanda akasema atanivusha nikapate teksi. Magongo sikuyaona popote. Tulisimama kwenye roboti ya Jules Street, ndivyo hapa wanavyoziita taa za barabarani, ikawa kijani, tukaanza kuvuka, mimi na begi langu na magoti yangu ya miaka yangu. Tukiwa katikati ya barabara, roboti ikabadilika. Teksi zikaanza kupiga honi zote kwa pamoja, na moja ikaja inasogea kana kwamba hatupo.

Bahati akakimbia. Hazikuwa hatua za kupendeza, bega moja juu, mkono unapunga hewani, lakini zilikuwa mbio. Akafika ng'ambo, akapanda ukingo, akageuka. Nilikuwa bado nimesimama kwenye kisiwa cha katikati ya barabara, magari mbele na magari nyuma. Alijitazama miguu, mmoja kisha wa pili, kama mtu aliyeambiwa habari na hajaamua kuziamini. Kisha akainua uso, akaniita kwa sauti ya kupita honi zote:

"Mama Zuhura, juu ya nini unachelewa?"